Namba ya Juu Kwenye Kontrola

Kontrola ya joto, kifaa kinachopima joto la mashine na kuwasha au kuzima hita zake, ina namba mbili usoni. Ya juu, mara nyingi kubwa na nyekundu, ni joto lililopo, na pembeni yake pameandikwa PV. Ya chini, mara nyingi ya kijani, ni joto linalotakiwa, SV. Mwendesha mashine akikuta juu 200 na chini 200, roho inamtulia na anageukia shughuli nyingine. Mimi ninayeshinda kwenye paneli za mashine hizi nina ugomvi wa siku nyingi na utulivu huo. Namba ya juu haidanganyi, ila inajua mambo machache kuliko tunavyodhani. Inachosema ni joto la ncha ya sensa, milimita chache za chuma zilizochomekwa kwenye tundu fulani. Plastiki inayopita ndani ya silinda ina joto lake. Vyuma vilivyopangwa katikati ya tanuri vina joto lao. Hivyo vyote kontrola haivioni. Inaiona ncha, basi.

Lawama huiangukia kontrola kwa sababu ndiyo yenye uso. Sensa imejificha nyuma ya hita, rilei inayowasha na kuzima hita iko ndani ya paneli, hita zenyewe zimefunikwa kwa mabati. Tena kuing'oa ni kazi nyepesi. Zile ndogo za milimita 48 kwa 48 hukaa kwenye tundu la 45 kwa 45, kipimo ambacho watengenezaji karibu wote wanakifuata, kwa hiyo fundi mwenye haraka anachomoa moja na kupachika nyingine hata ya jina tofauti. Mashine inawaka, namba zinapanda, watu wanashukuru. Kesho yake simu inalia tena.

Nilikuta hali hiyo kwenye mashine ya kuvuta mabomba ya PVC. Kanda ya tatu ya silinda, yaani kipande chake cha tatu chenye hita na sensa yake, ilikuwa ikiacha mistari ya kahawia kwenye bomba, pamoja na ile harufu kali ya kuchoma pua ambayo mtu aliyewahi kufanya kazi na PVC haisahau. Plastiki hiyo ikizidiwa na joto huachia gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula mpaka chuma cha mashine. Kontrola ya kanda hiyo ilikuwa imeshabadilishwa, na ile mpya nayo ikabadilishwa. Kioo kilisoma 175 bila kutikisika. Nikaomba tuichomoe themokapo, ndiyo sensa ya kanda hiyo. Ilitoka kiulaini mno: springi imechoka, ncha imevaa unga mweusi wa plastiki iliyoungua, na hakukuwa na alama hata ndogo ya chuma kugusana na chuma. Chini ya tundu kulikuwa na kigaga kigumu kama cha sufuria. Ncha ilikuwa inaning'inia hewani, inapima hewa iliyofungiwa, na kontrola kwa uaminifu wake wote ikawa inaongeza moto ili hewa hiyo ifike 175. Tulilikwangua tundu, tukaweka themokapo yenye springi hai, na kontrola ile ile ikasoma karibu nyuzi 20 zaidi papo hapo. "Kumbe tulikuwa tunaunguza mali wenyewe," akasema mwendesha mashine. Kontrola mbili nzima kabisa zilikuwa kwenye ndoo ya takataka.

Themokapo yenyewe inastaajabisha kwa jinsi ilivyo rahisi. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa mwisho mmoja. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na kitanzi cha metali mbili, kiungo kimoja kikiwa na joto na kingine baridi. Yeye alidhani joto limezaa sumaku, kumbe kilichokuwa kikipita ni umeme. Leo ile ya aina K, ambayo ndiyo imejaa viwandani, ina waya mmoja wa nikeli na kromiamu na mwingine wa nikeli na aluminiamu. Hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukifika nyuzijoto 200 unapata milivolti 8.138, kama mwisho wa pili uko kwenye sifuri. Fikiria udogo huo, kisha fikiria paneli inakopimwa: kuna kebo za mota na draivu, yaani vifaa vya kuongoza kasi ya mota, vinavyokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana nyaya za sensa hazifungwi fungu moja na nyaya za mota, na zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Ukiona namba ya juu inarukaruka kila mota inapowaka, usiguse menyu ya kontrola. Fuata njia ya waya.

Kuna jambo la themokapo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Haipimi joto la ncha peke yake, inapima tofauti kati ya ncha na mwisho wa pili. Kwa hiyo kontrola ina sensa nyingine ndogo karibu na skrubu zake za nyuma, inapima joto la hapo na kulijumlisha. Hesabu hiyo ni sahihi tu kama metali zile mbili, au ndugu zake wa kebo ya kurefushia, zimefika mpaka kwenye skrubu hizo. Fundi akirefusha kwa waya wa kawaida wa shaba, mwisho wa pili unahamia kwenye kiungo cha shaba. Tuseme kiungo kiko karibu na hita na kina nyuzi 60, na ndani ya paneli ni nyuzi 30. Kioo kitasoma chini kwa nyuzi 30 kuliko ukweli, nayo kontrola itaongeza moto kufidia.

Kosa baya kuliko hilo, ninaloliogopa kuliko yote, ni kebo sahihi iliyogeuzwa pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja unagundua haraka, maana unawasha hita na namba inashuka. Lakini ukigeuza kwenye kichwa cha themokapo, pale kebo inapoungana nayo, na ukageuza tena kwenye kontrola, namba inapanda vizuri, asubuhi mashine ikiwa baridi inasoma sawasawa, kila kitu kinaonekana shwari. Mashine ikishapata moto, kosa linakuwa mara mbili ya tofauti ya joto kati ya kichwa na paneli. Kwa mfano wetu wa 60 na 30, kioo kinasoma nyuzi 60 chini ya ukweli. Silinda ina 200, kioo kinasema 140. Na rangi za waya zinasaidia watu kukosea. Kwa kanuni ya Marekani waya mwekundu wa themokapo ni hasi, wakati kila fundi umeme amefundishwa kwamba nyekundu ni chanya. Kwa kanuni ya kimataifa ya IEC, aina K ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Kiwanda kilichonunua mashine kutoka mabara matatu kina rangi za mabara matatu, na kuzikariri hakusaidii kama hujui mashine ilitoka wapi. Mimi huishika ncha kwa kiganja, naangalia mita kama milivolti zinapanda, halafu naendelea.

Kwa joto la chini ya nyuzi 400 hivi, ningekuwa na uamuzi ningeweka Pt100 mahali pengi zaidi. Ni waya wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 kwenye sifuri na omu 138.51 kwenye nyuzi 100. Hauna mchezo wa metali mbili. Una mchezo wake mwingine: omu moja ya ukinzani wa kebo inaongeza takriban nyuzi 2.6 kwenye kioo. Waya wa tatu umewekwa kwa ajili hiyo, ili kontrola ipime ukinzani wa kebo na kuuondoa. Halafu unamkuta mtu ameukata huo wa tatu kwa sababu "haukuwa na kazi", akaunganisha skrubu mbili nyuma ya kontrola kwa kipande cha waya. Inasoma. Inasoma vibaya, lakini inasoma.

Kwenye tanuri za joto kali kuna ugonjwa mwingine, nao ni wa polepole. Aina K ikikaa kati ya nyuzi 800 na 1050 mahali penye oksijeni kidogo, kromiamu yake inaoza peke yake na waya unavaa ukijani. Kadiri inavyooza ndivyo inavyosoma chini. Hakuna alamu ya hilo, kwa kuwa waya haujakatika na namba inaonekana ya kawaida. Dawa ni kuibadilisha kwa kalenda hata kama inaonekana nzima, jambo ambalo wahasibu hulipinga kila mwaka.

Sasa tuseme ncha iko mahali pake na waya ni sahihi. Kontrola inafanya nini na namba hiyo? Njia ya kale ni washa-zima: chini ya joto linalotakiwa washa, juu yake zima. Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyeishi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alijenga tanuri ambalo kileo kilipopata joto na kutanuka kilisukuma zebaki, zebaki ikainua fimbo, fimbo ikaziba njia ya hewa na moto ukapungua. Hakuna umeme hapo, na wazo lote la kazi yetu limo: matokeo yanarudi kuamua chanzo. Washa-zima bado inafaa kwa friji na tangi la maji. Kwa silinda nzito ya chuma haifai, kwa sababu hita ikizimwa chuma bado kina moto ndani yake unaosafiri kuelekea kwenye ncha. Namba inapitiliza, inashuka, inapitiliza tena, siku nzima.

Ndipo zinaingia zile herufi tatu, P, I na D, ambazo watu wanaziogopa bila sababu. P ni uwiano: ukikaribia lengo, punguza moto. Weka bendi ya nyuzi 20 chini ya lengo la 200. Kwenye 180 hita inafanya kazi kwa asilimia 100, kwenye 190 kwa asilimia 50, kwenye 200 inazimika. Mashine inatulia mapema, lakini inatulia mahali pasipo sahihi. Kama silinda inahitaji asilimia 30 ya moto ili isipoe, itasimama kwenye 194, mahali panapotoa asilimia 30, na itabaki hapo mpaka jioni. I ndiyo inayoondoa upungufu huo. Inajumlisha kosa kadiri muda unavyopita, na maadamu kuna kosa hata la nyuzi moja, jumla inakua na moto unaongezwa mpaka kosa liishe. D inaangalia mwendo: namba ikipanda kwa kasi inabana moto kabla haijafika.

Herufi hizo zote tatu zilitoka baharini. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la majini la Marekani, aliwaangalia washika usukani wa meli na kuona kwamba mzoefu hageuzi usukani kwa kuangalia kosa la sasa peke yake. Anakumbuka kosa limedumu kiasi gani na anaona meli inageuka kwa kasi gani. Akaliweka hilo kwenye hesabu na kulichapisha mwaka 1922, na majaribio yakafanyika kwenye manowari New Mexico. Napenda kuwaambia vijana habari hii kabla sijawafungulia menyu. Anayedhani PID ni hesabu iliyoshushwa kutoka juu huishia kubonyeza vitufe kwa kubahatisha. Akijua ni tabia ya mtu mwenye mkono mzuri, anaanza kuangalia mashine.

Namba za herufi hizo zipatikane vipi? Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols wa kampuni ya Taylor Instrument huko Rochester, New York, walitoa njia inayofundishwa mpaka leo. Kontrola zao ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, hazikuwa na hata chembe ya elektroniki. Walisema: zima I na D, ongeza nguvu ya P pole pole mpaka namba ianze kupanda na kushuka kwa kiwango kile kile bila kufifia. Andika nguvu uliyofikia na muda wa mzunguko mmoja. Kisha weka P kwenye asilimia 60 ya nguvu hiyo, muda wa I nusu ya mzunguko, na D sehemu ya nane ya mzunguko. Lengo lao lilikuwa kila wimbi liwe robo ya lililotangulia. Kwa mabomba ya mvuke ya wakati ule ilikuwa sawa. Kwa plastiki isiyovumilia hata nyuzi 10 za ziada, wimbi la kwanza peke yake limeshaharibu mali. Nikianza na namba zao, hupunguza P kwa nusu kabla sijafanya kingine.

Kitufe cha AT, cha kontrola kujityuni, yaani kujitafutia yenyewe namba za P, I na D, kina asili tofauti kidogo. Karl Johan Åström na Tore Hägglund wa Lund, Sweden, walionyesha mwaka 1984 kwamba huna haja ya kuutafuta ukingo wa kuyumba kwa mkono. Iache kontrola iwashe na kuzima moto kuzunguka lengo, pima wimbi linapanda kiasi gani na linachukua muda gani, namba zote unazozihitaji zimo humo. Kontrola nyingi za leo zinafuata wazo hilo, ndiyo maana ukibonyeza AT unaona joto linapanda na kushuka mara kadhaa kisha taa inazimika.

AT ni nzuri. Tatizo ni jinsi inavyotumika. Watu huibonyeza jioni mashine ikiwa tupu, mlango uko wazi, kanda za jirani zimezimwa. Kontrola inajifunza mashine ambayo haipo kesho. Silinda ya plastiki ina kanda zinazopeana joto, kwa hiyo kanda unayoityuni ijityuni wakati jirani zake zimeshatulia kwenye joto lao la kazi, na kwenye joto lile lile utakalolitumia. Na mtu asifungue mlango wa tanuri katikati ya zoezi "kuangalia kidogo". Namba zikishapatikana, ziandikwe kwenye karatasi na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa paneli. Kontrola zikifa, zinakufa na kumbukumbu zake.

Ukityuni kwa mkono, soma kwanza kitabu cha kontrola hiyo hiyo. Kwenye nyingi, P inaandikwa kama bendi ya nyuzi, kwa hiyo namba kubwa ni ulaini. Kwenye nyingine, hasa ndani ya PLC, kompyuta ya kuendeshea mashine, P ni nguvu, na namba kubwa ni ukali. I nayo inaandikwa kwa sekunde kwenye nyingi, ambako namba ndogo ndiyo kali, lakini kuna zinazoandika marudio kwa dakika, na hapo mambo yanapinduka. Nimeona mtu akihamisha namba kutoka kontrola ya zamani kwenda kwenye PLC neno kwa neno, na tanuri likaanza kuyumba nyuzi 40 juu na chini. Namba zilikuwa sahihi. Lugha ndiyo ilikuwa nyingine.

Katika PLC pia ndimo lilimobaki tatizo la jumla ya I kujaa. Hita moja imeungua, joto haliwezi kufika, kosa linabaki saa nzima na I inajumlisha bila kikomo. Fundi anabadilisha hita, joto linafika lengo, linapita, linaendelea kupita, kwa sababu jumla iliyolimbikizwa inapaswa kuliwa kwanza na kosa la upande wa pili. Kontrola za kununua huwa zina kinga ya jambo hilo. Programu aliyoandika mtu usiku wa kuamkia makabidhiano, mara nyingi haina.

Upande wa kutoa moto kuna hesabu ambayo ningependa ibandikwe kila ukuta wa karakana. Kontrola haitoi asilimia 30 ya umeme, inawasha hita kwa asilimia 30 ya mzunguko, yaani muda uliowekwa wa kuwasha na kuzima mara moja. Mzunguko ukiwa sekunde 20, kontakta, swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye hita, inagonga mara 180 kwa saa, mara 4,320 kwa siku. Rilei ndogo iliyoandikwa kwamba inastahimili kugonga mara 100,000 ikiwa na mzigo wake kamili, inamaliza idadi hiyo kwa siku 23. Sasa kuna anayetaka joto "litulie zaidi", anashusha mzunguko hadi sekunde 2 bila kuangalia nyuma ya kontrola kuna nini. Kugonga kunakuwa mara 43,200 kwa siku, na rilei ile haimalizi siku ya tatu. Sekunde 2 ni za SSR, rilei ya kielektroniki, ambayo haina kitu kinachogonga.

SSR ina gharama yake. Inakula takriban wati moja kwa kila ampea inayopita, kwa hiyo ampea 40 ni wati 40 na ushee za joto ndani ya paneli, kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti kikubwa. Bila aluminiamu yenye mapezi na mafuta ya kupitishia joto chini yake, haikai. Hata ikiwa imezima hupitisha mkondo kidogo wa miliampea kadhaa, kiasi kwamba ukipima bila mzigo mita inaonyesha volti kamili na unaanza kuilaumu bure. Jambo zito kuliko yote ni namna inavyokufa. Kontakta mara nyingi hufa ikiwa wazi, ingawa nayo huweza kung'ang'ana. SSR kwa kawaida hufa ikiwa imefunga: umeme unapita, hita zinawaka, na kontrola iliyo juu yake inatoa asilimia 0 kwa utulivu kabisa. Namba nyekundu inapanda, namba ya kijani iko pale pale, na hakuna kitufe chochote kwenye kontrola kitakachozima moto huo.

Rudi pia kwenye ncha. Themokapo ikikatika, kontrola nyingi hupeleka namba juu na kuzima moto, vizuri. Lakini nyaya zake zikibanwa na bati zikagusana njiani, panazaliwa ncha mpya pale zilipogusana, na kontrola inapima joto la mahali hapo, tuseme nyuzi 35. Inachokiona ni kanda iliyopoa, inatoa asilimia 100. Ncha iliyochomoka na kuanguka sakafuni inafanya vivyo hivyo. Kontrola nzuri zina alamu ya kugundua kwamba moto umetolewa kwa dakika kadhaa na joto halijasogea. Alamu hiyo inapatikana kwenye menyu, na mara nyingi naikuta imezimwa.

Kwa sababu hiyo siipokei mashine ya joto isiyo na kontrola ya kikomo: ya pili, ya kukata umeme wa hita joto likipita kiwango, yenye sensa yake, waya wake, na kontakta yake iliyotangulia SSR. Kutumia sensa moja kwa kontrola zote mbili ni kuzunguka mbuyu, maana ncha ikidanganyika zinadanganyika zote. Kuitumia alamu ya kontrola ile ile kama kikomo ni hivyo hivyo. Watengenezaji wa mashine za bei nafuu huiondoa ya pili kwanza, kwa kuwa siku ya maonyesho haina la kuonyesha.

Nayo hujaribiwa, na jaribio lenyewe ni jepesi. Mashine ikiwa kwenye joto la kazi, ninashusha lengo la kikomo chini ya joto lililopo na kusikiliza kontakta iachie. Ninairudisha, kisha nalegeza skrubu moja ya sensa yake na kuutoa waya, ili nione kama inaachia pia ikipofuka. Wakuu wa zamu hawalipendi jaribio hili, kwa sababu uzalishaji unasimama na silinda inapoa. Huwa nawaambia tulifanye mwisho wa zamu, wakati wa kusafisha. Na kitufe cha kuirudisha kazini naacha kiwe cha mkono, ndani ya paneli, ili anayekibonyeza awe amekwenda mpaka kwenye mashine, amefungua mlango, na ameona kilichoungua.